Ujirani wa Hatari: Somo la Tishali la Tilbury

Muda mfupi kabla ya saa kumi na moja alfajiri ya tarehe 2 Oktoba 1874, stima ndogo iliyoitwa Ready ilikuwa ikikokota msafara wa matishali katika mfereji wa Regent's, kaskazini mwa bustani ya Regent's Park jijini London. Tishali moja, Tilbury, lilipakia sukari, kahawa, mapipa machache ya mafuta mepesi ya petroli na takriban tani 5 za baruti. Lilipokuwa chini ya daraja la Macclesfield, lililipuka. Mabaharia wote watatu waliokuwamo walikufa, daraja likabomoka, na nyumba za jirani, ikiwamo ya mchoraji Lawrence Alma-Tadema, zikaharibika. Wakazi wa London walilipa daraja hilo jina la utani lenye maana ya daraja la mlipuko, na tangu hapo kisa hiki kimesimuliwa kama kisa cha baruti. Mimi nakisoma kama kisa cha ujirani: kitu kipi kiliwekwa kando ya kipi, mahali gani, na karibu na moto upi. Kwa sababu hiyo kinamhusu hata mtu anayebeba mtungi mmoja wa gesi kwenye buti la gari lake.

Uchunguzi wa Meja Vivian Majendie, mkaguzi wa serikali wa vilipuzi, ndio unaonipa ujasiri wa kusema hivyo. Baruti haikujiwasha. Mvuke wa yale mafuta mepesi ulivuja kwenye mapipa, ukatanda chini ya turubai lililofunika shehena, ukafika kwenye chumba cha mabaharia na kukuta moto wao, wa taa au wa jiko. Mvuke ulipowaka, uliirudia baruti. Kila kimoja kilikuwa na kazi yake halali: baruti ya machimbo, mafuta ya taa, jiko la watu waliosafiri usiku kucha kwenye baridi. Maafa yalitokana na kuviweka vyote ndani ya nafasi moja iliyofunikwa. Sheria ya Vilipuzi ya mwaka 1875 ilifuata, ikaweka utaratibu wa kutengeneza, kuhifadhi na kusafirisha vitu hivyo. Tangu wakati huo dola ilitaka kujua bidhaa ya hatari inasafiri vipi na pamoja na nini, kwa uzito uleule wa kujua inahifadhiwa wapi.

Lakini sheria iliyotungwa kwa ajili ya viwanda, maghala na wachukuzi wakubwa ilikuwa bado haijakutana na mtu binafsi mwenye mtungi. Huyo alikuwa njiani. Waonyeshaji wa picha za kurushwa ukutani walihitaji oksijeni na haidrojeni ili kukichoma kipande cha chokaa kitoe mwanga mkali, na awali walizitia gesi hizo katika mifuko ya mpira iliyogandamizwa kwa mbao na vitu vizito. Kampuni ya ndugu wawili, Brin, iliyoanzishwa London mwaka 1886, iliifanya oksijeni kuwa bidhaa ya kununuliwa, nayo ikaja ndani ya mitungi ya chuma. Ajali za mitungi kupasuka zikafuata, na mwaka 1895 serikali iliunda kamati ya kuichunguza. Hatua kwa hatua chuma kikapimwa, mitungi ikajaribiwa, na vali za gesi zinazowaka zikapewa uzi wa skrubu unaozunguka kinyume na wa oksijeni, ili mkono wa mtu usikosee hata gizani. Hapo tena hofu kuu ilikuwa ujirani: oksijeni na haidrojeni zisikutane mahali pasipotakiwa.

Atakuwapo wa kusema kwamba tani 5 za baruti haziwezi kulinganishwa na mtungi wa jikoni. Kwa ukubwa wa mlipuko, ni kweli. Kwa namna hatari inavyoanza, hesabu inamkatalia. Lita moja ya gesi ya kupikia iliyo kimiminika, ikivuja, hugeuka kuwa zaidi ya lita 200 za gesi, na asilimia 2 hivi ya gesi hiyo hewani inatosha kushika moto. Gari dogo lenye nafasi ya lita 3,000 linahitaji lita 60 tu, zinazotokana na theluthi ya lita ya kimiminika au chini yake. Tena gesi hiyo ni nzito kuliko hewa: hutulia sakafuni kama ule mvuke chini ya turubai, ikingoja cheche.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: sheria haiwezi kukagua kila buti, na masharti makali yatamrudisha mtu wa kipato cha chini kwenye mkaa. Nakubali. Hata mkataba wa Ulaya wa usafirishaji wa shehena hatari kwa barabara, uliotiwa saini Geneva mwaka 1957, unamwachia mtu binafsi abebe bidhaa ya matumizi yake iliyofungashwa kwa kuuzwa rejareja. Ila msamaha wa sheria haupunguzi uzito wa gesi. Pale mkaguzi anapoishia, ndipo maarifa yanapaswa kuanza: mtungi usimame wima na ufungwe usibingirike, vali ifungwe, madirisha yawe wazi, sigara izimwe, safari iwe fupi, na mtungi ushushwe mara tu gari lifikapo. Tanzania imekusudia asilimia 80 ya wananchi wake watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Kila hatua kuelekea lengo hilo ni mtungi mwingine barabarani, na maarifa hayo ya kuubeba hayamgharimu mbebaji hata senti.

Nguzo za chuma za daraja la Macclesfield ziliokolewa zikasimamishwa upya, zikiwa zimegeuzwa. Leo zina michubuko ya kamba za kukokotea matishali pande mbili: ya kabla ya mlipuko, na ya baada yake. Shehena hazikukoma kupita, wala hapakuwa na haja zikome. Kilichopaswa kubadilika ni namna ya kuzipakia.