Mshahara wa polisi, faini za barabarani na imani ya raia

NI idara chache za serikali ambazo hukutana na mwananchi kila uchao kama polisi wa trafiki. Abiria anayetoka Githurai kuelekea katikati mwa jiji la Nairobi, mwendeshaji bodaboda mjini Kisii na dereva wa lori la mizigo kutoka Mombasa hadi Malaba, wote humkuta afisa barabarani. Ni katika makutano hayo mafupi ambapo raia wengi huipimia kauli mbiu ya polisi, Utumishi kwa Wote, na wengi huondoka wakiwa na shaka.

Shaka hiyo ina historia ndefu. Kikosi cha polisi kiliundwa wakati wa ukoloni ili kuulinda utawala dhidi ya wenyeji, na baada ya uhuru wa 1963 desturi ya kumwona raia kama mtu wa kuamrishwa haikuisha. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000, uchunguzi wa shirika la Transparency International kuhusu hongo umewaweka polisi kileleni au karibu na kilele mara nyingi. Maneno “chai” na “kitu kidogo” yamekuwa msamiati wa kila siku, kiasi kwamba hata mtoto wa shule anajua maana yake ya pili.

Hata hivyo, si kweli kwamba Wakenya wamelizoea jambo hili bila kulipinga. Mapema mwaka wa 2003, muda mfupi baada ya serikali ya NARC kuingia mamlakani, abiria katika sehemu mbalimbali walithubutu kuwakabili maafisa waliopokea hongo na kuwashurutisha kurejesha pesa. Hamasa hiyo haikudumu, lakini ilidhihirisha kwamba raia hutii sheria kwa moyo pale wanapoamini kwamba inamhusu kila mtu.

Imani hiyo ilionekana tena Februari 2004 zilipoanza kutekelezwa kanuni zilizopewa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo, John Michuki. Matatu zilitakiwa kuwa na mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa na mstari wa manjano ubavuni, huku dereva na makanga wakivaa sare. Kwa muda, abiria walisafiri kwa utulivu. Ukaguzi ulipolegea, msongamano ulirejea, na wahudumu wa matatu wakalalamika kwamba kila kanuni mpya iligeuka kuwa kisingizio kipya cha kudai mlungula.

Faini zenyewe si siri. Kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka wa 2016 ziliorodhesha makosa 37 na faini ya kila moja. Dereva anayetumia simu akiendesha gari alipangiwa Sh2,000. Anayepita kiwango cha kasi kwa kilomita 6 hadi 10 kwa saa, Sh500. Kwa kilomita 11 hadi 15, Sh3,000. Na kwa kilomita 16 hadi 20, Sh10,000. Abiria asiyefunga mkanda aliwekewa Sh500, sawa na mtembea kwa miguu anayezuia magari makusudi. Nia ilikuwa mkosaji apewe ilani, akubali kosa na alipe bila kesi ndefu.

Kwa miaka mingi kabla ya hapo, njia ya kawaida ilikuwa kizimbani, na hapo ndipo hesabu ya mlungula inapoeleweka. Tuseme dereva wa matatu akamatwe asubuhi. Gari litaegeshwa kituoni, yeye asubiri kufikishwa mbele ya hakimu, na siku iishe. Jioni, mwenye gari anatarajia pesa zake kama kawaida. Mbele ya hasara hiyo, noti ya Sh100 inayokunjwa ndani ya kiganja huonekana nafuu, hata kwa dereva asiye na kosa. Lakini noti hiyo hutolewa katika kila kizuizi, na hatimaye anayeilipa ni abiria kupitia nauli. Mbaya zaidi, gari lenye breki mbovu huruhusiwa kupita pamoja na lile zima. Katika nchi ambapo ajali huua zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka, hilo si jambo dogo.

Maafisa nao wana kilio chao. Jopo lililoongozwa na jaji mstaafu Philip Ransley mwaka wa 2009, baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, lilipata mishahara duni na makazi ya aibu, ambapo familia zaidi ya moja hutenganishwa na pazia tu. Takriban miaka 14 baadaye, jopo la aliyekuwa Jaji Mkuu David Maraga lilirudia mengi ya hayo, likapendekeza nyongeza ya mshahara ya hadi asilimia 40. Serikali ilianza kuongeza mishahara hiyo kwa awamu Julai 2024.

Mwananchi husikia kilio hicho kwa moyo uliogawanyika. Anajua kwamba mwalimu na muuguzi pia hulipwa kidogo. Lakini mwalimu na muuguzi huweza kugoma, ilhali kifungu cha 24 cha Katiba kinaruhusu haki za polisi kuhusu vyama vya wafanyakazi kuwekewa mipaka. Afisa hana jukwaa la kudai haki yake hadharani.

Je, nyongeza pekee itamaliza hongo? Shughuli ya kuwapiga msasa maafisa wa trafiki mwaka wa 2016 ilitoa funzo. Rekodi za M-Pesa zilionyesha baadhi yao wakituma pesa mara kwa mara kwa wakubwa wao. Afisa anayedaiwa mgao na bosi wake hataponywa na mshahara mnono, kwa maana deni lake halitokani na njaa ya nyumbani pekee.

Kwa sasa, sheria inampa mwananchi kinga kadhaa. Kifungu cha 49 cha Katiba kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Pesa za dhamana zinazolipwa kituoni sharti zitolewe stakabadhi. Malalamishi dhidi ya afisa hupokewa na mamlaka huru ya IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Kwa upande wa pili, Sheria ya Hongo ya 2016 humwandama mtoaji sawa na mpokeaji, na adhabu yaweza kufika kifungo cha miaka 10 au faini ya Sh5 milioni.

Kwa hivyo, mshahara bora, faini inayolipika upesi bila kupoteza siku ya kazi na wakubwa wanaowajibishwa ni mambo yanayotegemeana. Likikosekana moja, dereva ataendelea kuona noti ndani ya kiganja kuwa njia ya mkato, na abiria ataendelea kulipia.