Ishara namba 11
Miaka ya 1990, ukikompaili kiini cha Linux na GCC ikafa kwa ishara namba 11, uliambiwa ukague memori kwanza. Mara nyingi ushauri ulifaa. Hata GCC ya leo huweza kurudia kazi, na kosa lisipojirudia hushuku mashine.

Kisha 2017 kikaja kichakataji cha Ryzen. Waliokompaili faili nyingi kwa mpigo waliona kazi zikifa ovyo. Rahisi kusema walijitakia: nani kawatuma kuielemea mashine hivyo? Hata mimi ningesema. Lakini waliripoti, tena bila kuweza kuonyesha kosa lilelile mara mbili. Agosti AMD ilikiri tatizo, ikawabadilishia walioathirika vichakataji. Wangenyamaza, kila mmoja angeendelea kununua memori mpya.