Kitabu Kilichoazimwa Mlimani Sinai

Leo twapenda kuwasimulia habari za siku moja tuliyokwenda sisi wawili, mume na mke, katika jangwa la Sinai nchini Misri, kuuona mlima ambao Waarabu huuita Jebel Musa.

Tulitoka mji wa Dahab, kando ya Ghuba ya Aqaba, usiku wa manane, maana watu huupanda mlima ule gizani ili wafike juu kabla ya jua kuchomoza. Kiongozi wetu alikuwa kijana wa kabila la Jebeliya. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza kama chetu, kwa hiyo tulielewana vizuri. Alitueleza kwamba wazee wao wa kale waliletwa huko na Kaisari Justinian katika karne ya sita, ili wailinde na kuitumikia nyumba ya watawa ambayo Kaisari yule aliijenga chini ya mlima. Leo watu wa Jebeliya ni Waislamu, lakini kazi yao kwa watawa hawakuiacha. Hata ndani ya kuta zile, karibu na kanisa, upo msikiti mdogo wa zamani.

Mlima una urefu wa mita 2,285. Mmoja wetu alipanda ngamia na mwingine akatembea, na hatutasema ni nani aliyelalamika zaidi. Mwisho wa njia ya ngamia ziko ngazi za mawe zipatazo 750, na hapo kila mtu hupanda kwa miguu yake. Baridi ilikuwa kali. Wataalamu hawajapatana kama huu ndio mlima wenyewe aliopanda Musa, ingawa Wakristo wameuheshimu hivyo tangu karne ya nne. Jua lilipotokea na milima yote ikawa myekundu kama makaa, sisi hatukuwa na hamu ya kubishana. Tulifungua Kutoka mlango wa 20, tukazisoma amri kumi kwa sauti. Tulipoifikia ile ya nane, inayokataza wizi, tuliisoma upesi kama wasomavyo watu wasioona kwamba inawahusu.

Saa tatu asubuhi watawa walifungua mlango wao. Humo ndani imetundikwa nakala ya barua ambayo kiongozi wetu hakutaka tuipite. Iliandikwa mwaka 1859 na Mjerumani mmoja, mtaalamu wa maandiko, jina lake Constantin von Tischendorf.

Mtu huyu alifika Sinai mara ya kwanza mwaka 1844. Huko aliona karatasi za ngozi za Biblia ya Kiyunani iliyoandikwa kwa mkono katika karne ya nne, naye akapewa 43, akaenda nazo Leipzig. Baadaye alisema kwamba alizikuta kikapuni zikingoja kuchomwa moto. Watawa wamelikanusha neno hilo hata leo. Mwaka 1859 alirudi kwa msaada wa serikali ya Urusi, akaonyeshwa sehemu kubwa ya kitabu hicho, na Agano Jipya lote likiwamo. Akaomba kukiazima ili akinakili na kukichapa. Katika barua ile aliahidi kukirudisha kikiwa kizima mara watakapokidai.

Hakikurudi. Mwaka 1869 watawa walitia sahihi hati ya kumpa Mfalme wa Urusi zawadi ya kitabu kilichokwisha kuwa Urusi miaka kumi, nao wakapewa rubo 9,000. Wako wasemao kwamba hati hiyo ilimaliza mambo. Sisi twauliza, mtu aliye na mali yako mkononi akikuomba umpe, wewe una uhuru gani wa kukataa? Mwaka 1933 serikali ya Stalin ilikiuza kwa Waingereza kwa pauni 100,000, na sehemu yake kubwa sasa imo katika Maktaba ya Uingereza mjini London. Watawa walibaki bila kitu mpaka 1975, walipogundua karatasi kumi na mbili na vipande kadhaa katika chumba kilichosahauliwa ukutani.

Lakini tuseme kweli yote. Kazi ya Tischendorf imewafaa wengi. Ukiona katika tafsiri za siku hizi alama au maelezo mwishoni mwa Injili ya Marko, baada ya mstari wa 8 wa mlango wa 16, sababu moja ni kitabu hiki, kwa kuwa chenyewe kinaishia hapo. Na tangu 2009 karatasi zilizoko London, Leipzig, Urusi na Sinai zimekusanywa kwa picha, mtu yeyote azisome. Kwa hiyo mmoja wetu alisema pale mbele ya barua, "Walau kimetunzwa vizuri."

Mwingine akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Na kile cha kwetu?"

Wasikilizaji, nyumbani kwetu kilikuwapo kitabu cha maelezo ya Biblia tulichoazima kwa mzee mmoja wa kanisa letu. Alikidai mara moja, kwa upole, nasi tukamwambia Jumapili. Jumapili nyingi zikapita, mzee akafariki. Tulikitumia kutayarisha mazungumzo kama haya. Kilipoanza kuraruka tulikipeleka kikafungwa upya. Tungeulizwa, tungesema kwamba kimetunzwa vizuri.

Njiani kurudi Dahab tulisoma Kutoka mlango wa 22, penye sheria ya mtu aliyeazima mnyama wa jirani yake. Hatukuongea sana.

Tulipofika Kenya tulikipeleka kwa mjane wake. Alitukaribisha chai, akapangusa mikono, akakipokea kwa mikono miwili. Akafungua mwanzo kulitafuta jina la mumewe, ambalo mzee alikuwa ameliandika kwa wino ndani ya jalada. Akageuza kurasa za mwanzo, akageuza tena. Jalada lile lilitupwa siku tulipokifunga upya.