Ule ukuta mnaoposti wa Fayette ulikuwa wa kazi

Ukitazama video za watu wakizuru Fayette, kule Michigan, Marekani, utadhani ni mahali pa kupiga picha tu. Kuna ghuba ndogo ya Ziwa Michigan, maji ya kijani, na upande mmoja ukuta wa mawe ya chokaa wa karibu futi 90. Ni hifadhi ya jimbo tangu 1959. Watu wanafika, selfi mbili tatu, wanasepa.

Sasa wasee, huo ukuta ulikuwa na kazi.

Mwaka wa 1867 kampuni ya Jackson Iron ilianzisha mji hapo, ikaupa jina la meneja wake, Fayette Brown. Haikufuata mandhari. Ilitaka bandari yenye kina, msitu wa miti migumu, na hayo mawe. Madini ya chuma yalichimbwa Negaunee, yakapanda treni hadi Escanaba, kisha yakavushwa kwa meli. Miti ikachomwa makaa. Chokaa ikapasuliwa pale pale na kumwagwa ndani ya tanuru, ishike uchafu ili chuma kibaki. Uchafu huo kwa Kiswahili ni mavi ya chuma (msicheke, angalieni kamusi), na hadi leo vipande vyake vimejaa ufuoni.

Karibu watu 500 waliishi hapo, wengi wahamiaji kutoka Kanada na Ulaya. Mji wote ulikuwa wa kampuni. Yaani bosi wako ndiye mwenye nyumba wako, na duka ni lake pia. Ukifutwa kazi Jumatatu, Jumanne utalala wapi?

Ndani ya miaka 24 walitoa zaidi ya tani 229,000 za chuma. Lakini si unajua makaa yanavyokula miti? Msitu wa karibu ukaisha, na kwingine chuma kilikuwa kinapikwa kwa makaa ya mawe, bei rahisi zaidi. 1891 kampuni ikazima matanuru, na watu wengi wakahama kutafuta kazi kwingine.

Kinachoniuma ni hiki: nyumba ya msimamizi bado imesimama, inatazama bandari vizuri kabisa. Vibanda vya magogo vya vibarua vilishaoza. Kile utakachoonyeshwa kilijengwa upya, ndio wageni wapate picha ya maisha yalivyokuwa. Ukifika huko siku moja, anza na hicho kibanda. Ukuta hauendi popote.