Wakimbizi Waliokuwa Askari wa Mfalme

Habari ya leo ni ya watu waliofukuzwa katika nchi yao, wakapokewa na nchi nyingine, kisha wakatiwa kifungoni na nchi hiyo hiyo iliyowapokea. Na juu ya hayo yote wakajitoa kuipigania. Watu hao ni Wayahudi wa Ujerumani na Austria waliokimbilia Uingereza kabla ya vita iliyoanza mwaka 1939.

Hitler alishika utawala wa Ujerumani mwezi wa Januari 1933. Mwaka 1935 sheria zikatolewa za kuwanyima Wayahudi haki za uraia, ingawa wengi wao walizaliwa huko, wao na baba zao na babu zao, na wengine walikuwa wameipigania Ujerumani katika vita ya 1914 hata 1918. Usiku wa tarehe 9 Novemba 1938 masinagogi yakachomwa moto, maduka yakavunjwa, na wanaume wapata 30,000 wakakamatwa na kupelekwa kambini. Hapo walioweza kukimbia wakakimbia. Watoto wapata 10,000, wengi wao Wayahudi, walipelekwa Uingereza bila baba wala mama, na wengi wao hawakuwaona wazazi wao tena.

Vita ilipoanza, likazuka jambo gumu. Kwa hati zao wakimbizi hao walihesabiwa kuwa watu wa nchi ya adui. Bali kwa mambo yaliyowapata, nani aliyekuwa na sababu ya kumchukia Hitler kuliko wao? Mabaraza yakawekwa kumwuliza kila mmoja habari zake, na walio wengi sana wakaonekana hawana hatari. Lakini mwezi wa Mei 1940 majeshi ya Hitler yakaingia Uholanzi na Ufaransa, na Waingereza wakashikwa na hofu. Wakawaza kama mithali yetu isemavyo, kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Maelfu ya wakimbizi wakakamatwa na kuwekwa nyuma ya seng'enge, wengi wao katika kisiwa cha Man. Wengine wakapakiwa melini. Meli iitwayo Dunera iliondoka Liverpool mwezi wa Julai 1940 na watu wapata 2,500, walio wengi Wayahudi, ikawachukua mpaka Australia. Safari ilikuwa ya siku 57, na njiani walinzi waliwanyang'anya mali zao.

Hata katika siku zile za hatari walikuwako wajumbe wa Bunge waliosimama na kusema kwamba jambo hili si haki. Basi kidogo kidogo wafungwa wakaanza kufunguliwa. Njia moja ya kutoka ilikuwa kujiandikisha jeshini, lakini mlango uliokuwa wazi kwao ni mmoja tu, yaani kikosi cha Pioneer, ambacho kazi yake ilikuwa ya mikono. Madaktari, mawakili na wapiga muziki wakashika sururu na koleo. Walichimba misingi, walitengeneza barabara, walikata miti, walishusha mizigo, na kuondoa vifusi vya nyumba zilizobomolewa na mabomu. Watu wa Afrika Mashariki wanaijua kazi ya namna hii, maana ndugu zetu wengi waliifanya katika vita ile ile, hata huko Misri na nchi za jirani.

Wakimbizi wapata 10,000 kutoka Ujerumani na Austria walitumika katika majeshi ya Uingereza. Walipoonekana kuwa waaminifu, vikosi vingine vikafunguliwa kwao, hasa tangu 1943. Wachache walichaguliwa mapema zaidi: mwaka 1942 kiliundwa kikosi kidogo cha makomando waliojua Kijerumani, wakafundishwa huko Aberdovey katika nchi ya Wales. Kila mmoja alipewa jina la Kiingereza, kwa maana kama angetekwa na kujulikana, adui asingemhesabu mateka wa vita ila mhaini.

Mmoja wao alikuwa Manfred Gans, mzaliwa wa mji wa Borken. Alifika Uingereza mwaka 1938, akafungwa mwaka 1940, akachimba udongo katika Pioneer, kisha akawa komando kwa jina la Fred Gray. Tarehe 6 Juni 1944 alishuka pwani ya Normandy. Vita ilipokwisha huko Ulaya, mwezi wa Mei 1945, alipata ruhusa na motokaa ya jeshi, akavuka Ujerumani iliyobomoka mpaka kambi ya Theresienstadt. Akawakuta baba yake na mama yake wangali hai, wamekonda kwa njaa. Wenzake wengi walitafuta vivyo hivyo wasipate hata kaburi.

Walio wengi hawakupewa uraia wa Uingereza mpaka vita ilipokwisha kabisa. Yaani walimwapia Mfalme na kuihatarisha roho yao kwa ajili ya nchi ambayo kwa sheria haikuwa yao bado.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni aliyemfungia ndani. Nchi yo yote yaweza kushikwa na hofu wakati wa hatari. Heri ile ambayo hofu ikipungua hukubali kuyaangalia tena mambo iliyoyafanya, ikamfungulia mtu mlango kwa matendo yake, wala si kwa jina la mahali alipozaliwa.