Mamboleo: Tarehe ya Kodi na Uwajibikaji

Reli ilipofika Ziwa Victoria Desemba 1901, kituo chake, Kisumu ya leo, kiliitwa Port Florence, na nchi yote ya pale ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Mwaka 1902 mpaka ukasogezwa, Kisumu ikaangukia Himaya ya Afrika Mashariki, wenyeji wasiulizwe. Mamboleo, chini ya milima ya Kajulu, palibaki pa maboma na mashamba nje ya mji, ila kodi ya nyumba ilipafikia kupitia machifu. Tangu hapo utawala wa mahali hapa umekuwa na kasoro moja: anayetoza hujulikana, anayewajibika hajulikani. Watu wa Nyanza waliitambua mapema. Katika mkutano wa Lundha, Gem, Desemba 1921, Young Kavirondo Association ilidai kodi ipunguzwe na kipande, yaani kitambulisho cha lazima cha wafanyakazi, kifutwe. Miaka michache baadaye yakaundwa mabaraza ya wenyeji, lakini mwenyekiti wao alikuwa mkuu wa wilaya (DC), na DC hakuajiriwa na waliotoa kodi.

Uhuru haukuitibu kasoro hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Manispaa ya Kisumu ilipanuliwa hadi Kajulu na Kolwa, ikafikia kilomita za mraba 417, sehemu yake ikiwa maji ya ziwa. Mamboleo ikawa mjini kwa ramani, lakini bomba na mtaro havikuifuata ramani kwa kasi hiyo. Kilichostawi ni njiapanda, pale barabara ya Miwani inapoachana na ile ya Kakamega. Watetezi wa manispaa husema kwamba maboma yaliyotawanyika ni ghali kuhudumia na hazina ilikuwa tupu. Hoja hiyo ina uzito, ila haitoshi. Kuanzia 2004, kampuni ya maji ya KIWASCO iliwauzia maji kwa jumla waendeshaji wa mitaani huko Nyalenda na Manyatta, nao wakasimamia mabomba madogo na kukusanya malipo. Mitaa hiyo haikuwa na utajiri. Ilichopata ni mkusanya pesa anayeishi karibu, ambaye mfereji ukikauka anaulizwa siku hiyo hiyo. Hata maji si ya mbali: yale ya mtambo wa Kajulu hushuka mjini kwa mteremko, wakati ya Dunga yanategemea pampu.

Katiba ya 2010 ilitia haki ya maji safi katika kifungu cha 43 na kuzikabidhi kaunti huduma za maji na usafi. Mwaka 2013 manispaa ikavunjwa, kaunti ikashika nafasi yake. Ni hatua kubwa, kwa kuwa pesa zinazogawiwa Kisumu sasa hujadiliwa Kisumu. Hata hivyo, pengo jipya lilifunguka. Zamani wadi ilimpeleka diwani katika baraza lililoendesha mji wenyewe. Leo mwakilishi wadi huketi katika bunge la kaunti nzima, na jiji, kwa Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya 2011, huendeshwa na bodi inayoteuliwa na gavana na kuidhinishwa na bunge hilo. Wapo wanaoisifu bodi kwa kuwaweka wataalamu mbali na siasa za madiwani, na kwa kuwa baadhi ya wajumbe hupendekezwa na vyama vya kitaaluma, wafanyabiashara na wakazi. Utaalamu tunauhitaji. Lakini kupendekezwa na chama si kuchaguliwa na wadi, na mkazi wa Mamboleo hana kura anayoweza kumnyima mjumbe aliyemsahau.

Umuhimu wa mahali hapa hautiliwi shaka tena. Sherehe za Madaraka za 2021 zilifanyika katika uwanja wa Jomo Kenyatta uliojengwa Mamboleo, na mwaka 2022 Kisumu iliandaa mkutano wa Africities kuhusu nafasi ya miji ya ukubwa wa kati. Serikali ilipotaka, kazi ilifanyika, kwa sababu tarehe ilikuwa imewekwa na wahusika walijulikana kwa majina. Mtaro wa mtaani unastahili masharti hayo hayo. Sheria ya 2011 tayari inawapa wakazi haki ya jukwaa la wananchi. Liitishwe Mamboleo kila mwaka kabla bajeti haijapitishwa, bodi isome hesabu ya mapato na matumizi ya wadi, na kila mradi utajiwe ofisa wake na siku ya kukamilika. Jambo hilo halihitaji mkopo wala mpaka mpya. Linahitaji wanaopokea kodi wakubali kuulizwa na wanaoitoa, dai ambalo Nyanza imekuwa nalo tangu Lundha.