Panleukopenia ya paka
Panleukopenia ya paka ni ugonjwa wa kuambukiza unaosababishwa na virusi vya parvo, jamaa wa karibu wa vile vinavyoua watoto wa mbwa. Virusi hivi hushambulia seli zinazogawanyika upesi, hasa za utumbo na uboho, hivyo chembe nyeupe za damu hupungua mno. Paka hupata homa, hutapika na kuharisha. Mara nyingi hujikunyata mbele ya bakuli la maji bila kunywa. Watoto wa paka ndio hufa zaidi, wengine hata kabla mwenye paka hajatambua kuwa wanaumwa. Aliyeambukizwa tumboni mwa mama huweza kuzaliwa na serebela (sehemu ya ubongo inayoratibu mwendo) isiyokomaa, akatembea akiyumba maisha yake yote, ingawa hula na kucheza kama wenzake.

Hakuna dawa ya kutegemewa ya kuua virusi vyenyewe. Daktari wa mifugo humtundikia mgonjwa dripu, humzuia kutapika na kumpa antibiotiki dhidi ya bakteria nyemelezi. Sabuni pekee haitoshi kusafishia: virusi huweza kudumu sakafuni hadi mwaka mmoja, na huuawa kwa klorini ya kufulia. Kinga ya uhakika ni chanjo, inayoanza wiki ya 6 hadi 8 ya umri na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16 au zaidi. Binadamu haambukizwi.